Niliimwaga Dawa ya Mume Wangu Nikidhani Ni Limbwata

Nitangulize lililo baya kabisa, nisije nikaanza kujitetea. Niliimwaga dawa ya maumivu ya mume wangu, nikajaza maji kwenye chupa, nikairudisha mahali pake. Hakuna aliyenituma. Shetani tunamsingizia bure, mikono ilikuwa yangu.

Na mume wangu akalia siku ambayo hakutakiwa kulia hata kidogo. Siku ya ndoa ya mwanetu.

Nimeomba jina langu lisiandikwe kwenye ukurasa huu wa maungamo. Niiteni Bi Mkubwa, kwa sababu ndivyo nilivyo, mke mkubwa, wa kijijini, upande wa Dimani. Mwenzangu nitamwita Bi Mdogo. Yeye anakaa Kibiti mjini, nyuma ya barabara kubwa, kwenye nyumba yenye umeme. Umeona? Hata sijaanza, nimeshautaja umeme wake! Ndiyo roho yangu ilivyo, shoga yangu, na leo sikufichi kitu.

Mume wetu alikuwa mtu wa haki. Zamu zilikwenda sawa, siku zake kwangu, siku zake kwake, hata mvua inyeshe njia ziwe tope tupu. Sikuwa na la kulalamika. Nililalamika hivyohivyo. Akileta kanga, naiangalia rangi nikijiuliza ya mwenzangu imekoleaje. Akicheka kwangu, najiuliza kule kwake alichekaje. Nimeishi na huo ugonjwa tangu siku aliponiambia ameoa, na wala sikuwahi kuutafutia dawa.

Basi ugonjwa wake yeye ukamkuta kwenye zamu ya Bi Mdogo. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Alianza na mgongo. Tukasema ni jembe, umri, baridi ya mabondeni. Mara nyonga, mara hawezi kugeuka kitandani. Bi Mdogo akampeleka hospitali, wakasukumwa mpaka Dar es Salaam, wakarudi na jibu. Saratani ya tezi dume, na imeshaingia kwenye mifupa. Hakuna kupasua. Arudi nyumbani, apewe dawa ya kumtuliza.

Akaja nesi, yule anayezungukia wagonjwa majumbani, kumfundisha mtu wa kumhudumia. Nyumba gani? Ya Kibiti. Aliyekuwepo nani? Bi Mdogo. Mie wakati huo nilikuwa juu ya dungu, kile kibanda chetu kirefu cha miti shambani, naamia ndege wasiumalize mpunga. Mie napigia ndege makelele, mwenzangu anafundishwa mume!

Nilipopata habari, ningeweza kuuliza. Dawa gani, anapewa vipi, inamfanyaje? Sikuuliza. Bi mkubwa mzima nikamuulize yule namna ya kumtunza mwanamume niliyeolewa naye wakati yeye bado anafundishwa kusoma? Ng'o! Nilisema nitaona mwenyewe kwa macho yangu.

Nikaenda Kibiti bila kupiga simu. Nilibeba na samaki wa kukaanga anaowapenda, nimewafunga vizuri. Nikapita uani kimya kimya, ndiyo, nilinyemelea, nikafika kibarazani.

Jamani, nilichokiona!

Mume wangu amekaa mkekani, amemwegemea Bi Mdogo kifuani. Yule mwanamke yuko nyuma yake, miguu kaitanua huku na huku, kamshika mbavuni. Mchana kweupe! Na wanacheka. Mgonjwa niliyeambiwa hawezi hata kugeuka, anacheka.

"Haya, bado kidogo," Bi Mdogo anamwambia. "Usilegee. Nyoosha mkono."

Akanyoosha mkono mbele, kama anayempa mtu mkono, wakacheka tena.

Kwa wivu sikutoa hata salamu. Nilitoka nilikotokea, nikaingilia mlango wa mbele nikipiga hodi kwa nguvu kama mgeni mwema. Nilipoingia walikuwa wameshatulia, yeye kalazwa kwenye mto.

"Karibu dada," Bi Mdogo akasema. "Tungejua tungekuwekea chai."

"Chai nimekunywa kwangu," nikamjibu.

Nikamtazama mume wangu vizuri. Macho yake hayakuwa yale. Mboni zimekuwa ndogo, nukta tu. Anajikuna pua, anajikuna shingo. Anaongea, katikati ya maneno anasinzia, anaamka anatabasamu. Yule mtu mkali niliyemjua, anayemfokea mbuzi wa jirani mpaka mwenye mbuzi anaomba msamaha, amekuwa mpole kama mtoto aliyeshiba.

"Unaumwa wapi?" nikamuuliza.

"Maumivu yapo," akasema. "Nayasikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili. Najua inaongea, ila hainisumbui."

Mtu anayeumwa saratani ya mifupa anazungumza habari za redio!

Halafu akaanza kuguna kidogo, akasema, "Bi Mdogo, wakati bado?" Hakusema dawa. Hakuniangalia mie niliyekaa karibu yake. Alimwita yeye.

Bi Mdogo akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa ufunguo. Akafungua kasha lake, akatoa chupa iliyovingirishwa kitambaa. Ndani mna kitu kama maji. Hakina rangi yoyote, ungedhani kimetoka kisimani. Akavuta kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akamtilia mdomoni, akafunga kasha, akafunga fundo. Baada ya muda yule bwana akatulia, akamshika mkono mwenzangu, akalala.

"Hiyo dawa mbona unaifungia?" nikauliza.

"Nesi kasema isikae ovyo, dada. Ni kali. Mtu mwingine akiinywa inaweza kumuua."

Ati mtu mwingine ikamuua, yeye ikamfanya atabasamu! Shoga yangu, kichwani mwangu hapo mambo yalikwisha. Nilishapata jina lake. Limbwata. Maji yasiyo na rangi, yanafungiwa kasha, anapewa kwa kipimo, akipewa anakuwa zezeta na kumtaja mwanamke mmoja tu. Nilihitaji ushahidi gani tena? Hata choo kilikuwa kinamsumbua, anakaa siku nyingi hapati, analishwa mapapai. Nikasema hiyo ni dalili, amefungwa tumbo kama alivyofungwa moyo.

Nilirudi na samaki wangu. Sikuwatoa hata kwenye kitambaa. Niliwala mwenyewe njiani, kwa hasira, mpaka mwiba ukanikwama.

Sasa sikiliza jambo lenyewe.

Mwanangu wa mwisho alikuwa anaolewa. Posa ilishapokelewa, na baba yake alikuwa na neno moja tu tangu augue: "Yule nitamwozesha mwenyewe." Kwa kauli yake na mkono wake. Wale wakubwa aliwaozesha yeye, na huyu wa mwisho ndiye kipenzi chake. Wenzake walimwambia mgonjwa ana udhuru, amwachie mdogo wake awe wakili. Akakataa. Alisema atakaa mkekani, atamshika kijana mkono, atatamka. Alikuwa anaomba hilo tu.

Harusi ilikuwa kwangu. Kwa hiyo waliletwa kwa bajaji taratibu, mume na Bi Mdogo wake na chupa yao. Yeye ndiye ajuaye dawa, ikabidi alale nyumbani kwangu. Zamu yangu, nyumba yangu, na yumo ndani! Chumba changu wakapewa mgonjwa na muuguzi, mie nikalala na wapishi. Wanawake waliojaa uani kukuna nazi na kuchambua mchele walikuwa wananiangalia, wananyamaza nikipita. Labda walikuwa hawasemi lolote. Mie nilisikia yote.

Na mume wangu alikuwa na furaha! Amekaa dirishani, anawaita watu kwa majina, anauliza kama ng'ombe amefika. Maumivu yakipanda anaita, "Bi Mdogo!" Nyumba nzima inasikia. Anaitwa kwenye nyumba niliyoikandika udongo kwa mikono yangu.

Mara moja nilimkimbilia mie kabla yake. "Nipo, baba watoto, unataka nini?"

Akaniangalia kwa yale macho yake ya nukta. "Mwite mwenzio," akasema. Kwa upole, wala si kwa dharau. Lakini niliipokea kama kofi.

Siku iliyotangulia mkesha wa harusi, Bi Mdogo aliingia kuoga. Kanga yake ya pindo lenye ufunguo akaitundika kwenye kamba, akajitanda nyingine. Mie nilikuwa napepeta mchele pale pale. Niliweka ungo chini.

Sikutetemeka, na hili ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilifungua fundo, nikaingia chumbani. Mume wangu alikuwa amelala. Nikafungua kasha, nikaitoa chupa, nikaenda kuimwaga chooni mpaka tone la mwisho, nikajaza maji ya mtungi kiasi kilekile. Nikaivingirisha kitambaa chake. Nikarudi kwenye ungo. Yule alitoka kuoga akaniambia, "Dada, mchele wako mweupe kweli."

"Ni wa kwetu," nikamjibu, tena nikicheka.

Kilichofuata nakieleza kama nilivyokiona siku zile, na nisamehe kwa nilivyokiona.

Wakati wa dawa ukafika. Akampa. Hakutulia. Akaguna, akageuka, akasema, "Mbona haifiki?" Bi Mdogo akamwambia subiri kidogo. Alisubiri, na maumivu yakazidi kupanda. Wakati mwingine wa dawa ukafika, akampa tena, wapi! Mkono wa Bi Mdogo ukawa haufai kitu. Akaanza kumgombeza. "Niache! Usinishike!"

Shoga yangu, nilifurahi. Naandika hili na mikono inaniuma. Nilisimama mlangoni nikafurahi.

Ndipo akaniita mie. Kwa jina langu la usichana, ambalo hajalitumia miaka mingi. Nilikwenda, akanikamata mkono kwa nguvu mpaka bangili zikaniumiza. "Usiondoke," akasema. Nikakaa. Mwenzangu kasimama pembeni na bomba lake. Niliona nimerudishiwa mume wangu.

Alfajiri ya mkesha akaanza kupiga miayo, mmoja baada ya mwingine. Machozi yanamtoka na halii, kamasi zinamchuruzika, jasho limelowanisha shuka, na vinyweleo vimemsimama kama yuko kwenye baridi. Tumbo lililokuwa limefunga likafunguka vibaya. Na macho yake! Mboni zikawa kubwa, nyeusi. Nikasema, sasa ananiona. Nikasema, limbwata linamtoka! Nilikuwa nampangusa jasho na moyoni nasoma shukurani.

Lakini kelele zikazidi. Kuguna kukawa kulia, kulia kukawa mayowe. Alikuwa anaomba tumkate kiuno. Mwanamume yule! Nikajipa moyo, nikasema ni mchafuko wa kutoka tu, kesho atakuwa mzima. Bi Mdogo alikuwa anampigia nesi simu, mtandao haushiki, anatoka mpaka njiani, anarudi. Nesi alipopatikana alikuwa mbali, upande wa Mohoro, akasema atakuja kesho, hawezi kufika kabla.

Asubuhi ya harusi ikafika hivyo.

Waungwana wamejaa kwenye mikeka uani, shehe yuko tayari, bwana harusi kavaa kanzu yake mpya. Watu wawili wakaingia kumnyanyua baba bibi harusi. Walimgusa tu, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Hata watoto waliacha kucheza.

Walijaribu tena. Alijaribu mwenyewe, aling'ata kanzu yake, akafika nusu, akaanguka ubavu. Akamwita mdogo wake kwa pumzi za kukatika. "Nimekuwakilisha," akasema. "Kaniozeshee mwanangu." Akageukia ukutani.

Ndoa ya mwanangu ilifungwa na kilio cha baba yake kikisikika dirishani. Shehe alilazimika kupaza sauti.

Halafu wakamgeukia Bi Mdogo. Shemeji yangu aliporudi ndani akamnyang'anya chupa. "Umempa nini kaka yangu? Juzi hakuwa mzima huyu?" Wanawake wakadakia. Mmoja akasema ameiuza dawa, mwingine akasema amempa sumu arithi nyumba ya mjini. Mwanangu akatoka chumbani na hina yake na dhahabu zake, akamwendea.

"Umeniharibia siku yangu! Umemlisha nini baba yangu? Mchawi wewe!"

Bi Mdogo akanitazama mie. Mara moja tu.

Nami nikasema nini? Nilimshika mwanangu bega, nikamwambia, "Mwache, mama, Mungu anamwona." Nilisema hivyo! Kwa kinywa hikihiki ninachofungulia saumu na kufungia swala.

Bibi harusi akaondoka na watu wake. Nesi alifika kwa pikipiki mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuja na dawa mpya. Akaanza na kiasi kidogo, akangoja, akampima, akaongeza. Hata wali wa jioni haujaiva, mume wangu alikuwa amelegea mabega. Pumzi ikatulia. Akafumbua macho.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Ameshakwenda," nikasema.

"Kwenda wapi?"

"Kwa mumewe."

Aliutazama mkono wake wa kulia, akaulaza kifuani, machozi yakamtoka.

Mie, mjinga, nikamfuata nesi nje. Bado nilikuwa nataka niambiwe sikukosea! Nikamuuliza, mbona alipiga miayo, mbona kamasi, mbona macho yalikuwa makubwa, si kuna kitu kibaya kilikuwa kinamtoka?

Nesi akakaa kwenye kigoda, akanieleza bila haraka. Hii dawa inaitwa mofini. Haiponyi saratani, uvimbe uko palepale. Lakini maumivu si ya kwenye mfupa tu, mama. Mfupa unapeleka habari kwa mishipa ya fahamu, habari inapita kwenye uti wa mgongo, inapanda mpaka kwenye ubongo, na ubongo ndio unaolia. Huko kwenye uti wa mgongo na ubongo kuna sehemu Mungu ameziumba kama tundu za kufuli, na mwili wenyewe una dawa yake ndogo ya kuzifunga. Mofini inaingia kwenye tundu hizohizo. Ikishaingia, habari nyingi zinazuiwa njiani, na zile zinazofika, ubongo hauzitilii maanani.

Nikakumbuka redio ya nyumba ya pili.

"Na hizo mboni kuwa ndogo, kusinzia, kujikuna, choo kufunga, ni kazi ya dawa hiyohiyo," akasema. "Tundu hizo ziko mpaka kwenye utumbo. Ndiyo maana nikamwambia mwenzio ampe papai na dawa ya choo."

"Na miayo?"

"Mwili umeizoea. Ukiikata ghafla, unachafuka. Haikutakiwa kukatwa ghafla. Lazima hii chupa iliharibika, au..." Akaniangalia. "Au sijui. Pole, mama. Ameteseka bure."

Bure. Nesi alisema bure, akawasha pikipiki yake.

Nilirudi ndani. Mume wangu yuko macho, nikakaa karibu yake, na Bi Mdogo alikuwa nje anafua mashuka yaliyochafuka, watu wote wamempa kisogo. Mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nimeshaweza, ujue."

"Kuweza nini?"

"Kukaa. Kule Kibiti. Kila siku ananiegemeza nyuma, nafanya mazoezi ya kukaa na kunyoosha mkono. Alikuwa anaipanga dawa ili nisilale sana, nisiumwe sana. Tukawa tunacheka, yeye ananiambia, haya, mpe bwana harusi mkono." Akaukunja ule mkono wa kulia. "Nilitaka nikufurahishe wewe. Nilimwambia asikwambie."

Jamani! Ile mikono mbavuni. Kile kicheko. Alikuwa anamfanyia mwanangu!

Hakukaa sana duniani baada ya hapo. Alikufa amelala, dawa ikiwa kwenye damu yake, uso umetulia. Alifia kwangu, na ndugu wakatukalisha eda sote wawili nyumba moja. Mkeka mmoja, shoga yangu, mie na yeye, tumejitanda kaniki, wageni wanakuja wanatupa mkono wa pole. Wanaponipa mie wanakaza. Wanapompa yeye wanagusa tu vidole.

Siku moja wageni wameisha, tunachambua choroko. Nikamwambia, "Bi Mdogo, mie nina jambo."

"Najua, dada," akasema bila kuinua macho.

"Unajua nini?"

"Niliionja. Siku ileile ya harusi, kabla shemeji hajaninyang'anya. Ile dawa ni chungu, dada. Siku ya kwanza niliilamba kwenye kidole, uchungu wake siusahau. Ile ilikuwa na ladha ya mtungi wako."

Choroko zikanimwagika.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mbele ya wale watu? Bibi harusi anatoka nyumbani kwao anaambiwa mama yake ndiye aliyemliza baba yake? Angekwenda na uso gani kwa wakwe?" Akaokota choroko moja moja. "Na mume wetu aliniuliza. Nilimwambia labda joto limeiharibu. Akafa anakuamini."

Unajua nilisikia nini moyoni? Unadhani shukurani? Wivu! Wallahi, wivu uleule! Nilimwonea wivu hata hiyo stara yake. Kanishinda kumtunza, kanishinda kumpenda, na sasa kanishinda hata kunyamaza. Nililia, na sijui nilikuwa namlilia marehemu au najililia mwenyewe.

Enyi mnaosoma, hasa wanawake wenzangu wa uke wenza, na ndugu wote wenye wagonjwa ndani. Mtu akiumwa, ulizeni! Uliza hata kwa adui yako. Hiyo dawa wengine wanaiogopa, wanasema inapumbaza, inaharakisha kifo, ni ya wavuta unga. Mie niliiita limbwata. Kila mmoja ana jina lake la ujinga. Msiiguse bila nesi au daktari, msiiongeze, msiipunguze, msiikate kwa kusikia maneno. Na mgonjwa wako akimwita mwingine anapoumwa, mwache aitwe. Hamwiti mwanamke, anaita nafuu.

Mwisho nina neno kwa mtu mmoja tu.

Mwanangu anasoma ukurasa huu kila jioni. Ananipigia simu ananicheka habari za watu, "Mama, leo kuna mmoja kaungama, utashangaa!" Usoni kwake nimeshindwa. Kila nikitaka kusema, ananitajia mama yake mdogo kwa jina lile alilompa siku ya harusi, na mie namuitikia.

Kama umefika hapa, mwanangu, umeshanijua. Baba yako alikuwa ameshaweza kukaa. Aliyemfundisha yuko Kibiti, eda yetu imekwisha, amerudi kwake. Mpigie simu leo. Mie usinipigie kwanza.